Ripoti inasema Barrett: ni wangapi huishia na saratani ya umio?

Swali

Assalamu alaykum daktari. Mume wangu ana miaka 54, twaishi Kisauni, Mombasa. Ana kiungulia kwa zaidi ya miaka 10 na siku zote amekuwa akijinunulia dawa dukani. Mwezi uliopita aliingizwa kamera, ripoti ikaandikwa "umio wa Barrett, C1M3", na maabara ikasema hakuna displazia. Tumeambiwa hiyo ni hali inayotangulia saratani. Kakake mkubwa alifariki kwa saratani ya umio, basi nyumbani hakulaliki, na jamaa washaanza kusema apasuliwe mapema. Kwenye simu nasoma pengine kwamba hali hii ni ya kawaida, pengine kwamba ni nadra, pengine kwamba Kenya tuko kwenye ukanda wa saratani hiyo. Lipi la kweli? Ni wangapi huwa na hali hii, na wangapi kati yao hupata saratani? Yeye alasiri haimpiti bila kahawa tungu ya moto na tambuu. Na wanetu watatu, wapimwe?

Jibu

Wa alaykum salaam, dada. Yote matatu uliyoyasoma ni kweli, ila kila moja linazungumzia watu wengine, na moja kati yao linazungumzia ugonjwa mwingine kabisa. Ukisoma kwamba hali fulani imeenea, uliza kwanza: kati ya akina nani? Kwa umio kuna swali la pili lisilokwepeka: saratani ipi? Ziko mbili kubwa. Hali zinazozitangulia ni tofauti, visababishi vyake vinatofautiana sana, na iliyomo kwenye ripoti ya mumeo si ile inayoua Wakenya wengi.

Umio ni bomba la misuli lenye urefu wa kama sentimita 25, kutoka kooni hadi kwenye mlango wa tumbo. Kwa ndani umetandikwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka. Tumbo halina seli bapa. Lina seli za tezi, zinazotoa ute na asidi. Saratani ya kwanza huanzia kwenye seli bapa zenyewe, mara nyingi katikati ya umio au juu yake, na hutanguliwa na displazia, yaani seli zilizoanza kupoteza umbo na mpangilio wake lakini bado hazijavamia chini. Saratani ya pili huanzia sehemu ya chini. Huko asidi na nyongo zikirudi juu kwa miaka mingi, seli bapa huondoka na mahali pake hukaa seli za tezi zinazofanana na za utumbo. Mabadiliko hayo ndiyo Barrett, jina la Norman Barrett, mpasuaji wa Uingereza aliyeandika kuhusu hali hiyo mwaka 1950. Kwa hiyo iliyoandikwa kwenye ripoti ya mumeo si saratani. Ana utando wa aina nyingine mahali ambapo haukuwa.

Sasa hesabu. Mwaka 2020 dunia nzima ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya umio wapatao 604,000, na vifo vipatavyo 544,000. Tazama jinsi namba hizo mbili zilivyokaribiana. Wengi hugunduliwa wakati umeshapita. Zaidi ya wanane kati ya kila wagonjwa 10 duniani walikuwa na saratani ya seli bapa. Kwetu Kenya makadirio ya mwaka huo yalikuwa wagonjwa wapya karibu 3,000, na hilo laiweka saratani hii miongoni mwa zinazoongoza nchini, pamoja na ya matiti, ya mlango wa kizazi na ya tezi dume. Ukigawanya kwa idadi ya watu, ni kama watu 6 kwa kila 100,000 kwa mwaka, watoto na vijana wote wakihesabiwa. Kwa mtu mmoja mmoja bado ni ugonjwa wa nadra. Kwa nchi, si wa nadra hata kidogo.

Huo "ukanda" uliousoma upo. Unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Rasi ya Mashariki kule Afrika Kusini, na karibu wagonjwa wake wote ni wa seli bapa. Malawi wako juu yetu. Ndani ya Kenya pia si sawa kila mahali: Bomet na maeneo ya jirani yake katika Bonde la Ufa yanajulikana kwa wingi wa wagonjwa, na katika hospitali ya Tenwek karibu 6 kati ya kila wagonjwa 100 walikuwa na umri wa miaka 30 au chini. Umri huo ni nadra sana kuonekana kwa saratani hii Ulaya. Basi mtu wa Mombasa asichukue takwimu za Bomet akazivaa kama zake, na pia asijione yuko nje ya hesabu.

Hali inayotangulia saratani ya seli bapa ndiyo inayowashangaza watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Bomet uliwaangalia kwa kamera watu wazima zaidi ya 300 wasio na dalili yoyote, umio ukanyunyiziwa dawa ya ayodini. Asilimia 14.4 walikuwa na displazia. Yaani karibu mmoja kati ya saba, anakula, anameza, halalamiki. Wengi wao walikuwa kwenye hatua ya chini. Ukilinganisha na idadi ya wanaougua kila mwaka, utaona kwamba displazia nyingi, hasa hafifu, hazifiki kwenye saratani, au huchukua miaka mingi sana. China, katika wilaya ya Linxian, watu waliochukuliwa vinyama, yaani vipande vidogo vya utando vya kupimwa maabara, walifuatiliwa kwa miaka 13 na nusu. Waliokuwa na displazia hafifu, asilimia 24 walipata saratani. Ya wastani, asilimia 50. Kali, asilimia 74. Lakini hata ambao utando wao ulikuwa salama walifikia asilimia 8, kwa kuwa Linxian yenyewe ni sehemu yenye ugonjwa huu kupita kiasi. Neno "displazia" peke yake, bila daraja lake, halitoshi kumwambia mtu lolote.

Turudi kwa mumeo. Barrett ni hali ya nchi za Magharibi zaidi, na huku kwetu ni nadra. Nchini Sweden, watu wa kawaida walipopimwa kwa kamera bila kujali dalili, asilimia 1.6 walikuwa nayo. Uchambuzi mkubwa uliojumuisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2019, ulipata kitu kama asilimia 0.8 kwa watu wasio na vihatarishi, asilimia 3 kwa wenye kiungulia sugu, na asilimia 12 kwa wenye kiungulia pamoja na kihatarishi kingine: kuwa mwanamume, umri zaidi ya miaka 50, unene, au jamaa wa karibu mwenye Barrett au saratani inayotokana nayo. Sasa unaona kwa nini mitandao inagombana. Anayesema "mmoja kati ya 100" na anayesema "mmoja kati ya 8" wote wana ushahidi. Mmoja amehesabu mtaa mzima, mwenzake amehesabu foleni ya kliniki ya kiungulia.

Kwa nini huku ni nadra? Bakteria wa tumboni aitwaye *Helicobacter pylori*, ambaye huku anao mtu zaidi ya mmoja kati ya wawili, huambatana na upungufu wa Barrett na wa saratani ya seli za tezi, pengine kwa sababu uvimbe anaouleta kwenye utando wa tumbo hupunguza asidi. Hiyo si sababu ya kumfuga. Huleta vidonda vya tumbo na saratani ya tumbo, akipatikana atibiwe. Lakini tumbo zetu za mjini zinaongezeka kiuno, na Marekani saratani ya seli za tezi iliongezeka kama mara sita kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 2000. Sitashangaa kliniki za Mombasa zikianza kuiona Barrett mara nyingi zaidi.

Wangapi kati ya wenye Barrett hupata saratani? Kwa Barrett isiyo na displazia, kama ya mumeo, makadirio mazuri ni kati ya asilimia 0.12 na 0.33 kwa mwaka. Chukua watu 1,000 walio kama yeye: mwaka huu mmoja hadi watatu watapata saratani. Kwa miaka 10, kati ya 10 na 30 au zaidi kidogo. Zaidi ya 960 hawataipata. Displazia hafifu ikiandikwa, hatari hupanda hadi karibu nusu asilimia kwa mwaka kwa wastani, na ikithibitishwa na msomaji wa pili ni zaidi ya hapo. Kali, asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka, na hapo hangojwi mtu. Wenye Barrett wengi hufa kwa maradhi mengine kabisa, ya moyo yakiwa mbele. Mwanamume wa miaka 54 mwenye kiuno kipana anayeogopa Barrett lakini hajapimwa presha wala sukari mwaka huu ameogopa kitu kidogo akaacha kikubwa.

Namba ya chini kati ya hizo, 0.12, ilitoka Denmark mwaka 2011, kwa wagonjwa zaidi ya 11,000. Ndani yake mna jambo ambalo ningependa mlishike kuliko asilimia zote. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuambiwa wana Barrett, watu 131 walikutwa na saratani. Katika miaka yote iliyofuata, 66 tu. Saratani haikimbii hivyo ndani ya miezi michache. Wengi wa wale 131 walikuwa nayo tayari siku ya kamera ya kwanza, ikawa haijaonekana au kinyama hakikuchukuliwa mahali pake. Basi kwa mumeo hatari kubwa zaidi haipo miaka 20 ijayo. Ipo kwenye ubora wa kipimo alichofanyiwa mwezi uliopita. Ndiyo maana nawaomba muitoe ile ripoti muisome upya.

C1M3 ni vipimo viwili. C ni urefu, kwa sentimita, wa sehemu ambayo utando mpya umezunguka umio wote: kwake sentimita 1. M ni urefu wa ulimi mrefu zaidi wa utando huo uliopanda juu: sentimita 3. Ripoti kuwa na vipimo hivyo ni dalili njema, maana anayeviandika kwa kawaida ametulia akapima. Sasa tafuteni mambo mengine. Je, imeandikwa umbali kutoka meno ya mbele hadi mwanzo wa mikunjo ya tumbo? Je, imetajwa kama kuna ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya juu ya tumbo imepenya kwenda kifuani? Ngiri hukoroga vipimo. Daktari anaweza kuchukua vinyama vya tumbo akidhani ni vya umio, na maabara ikaandika kwa haki kabisa kwamba imeona seli za utumbo. Mpaka wa umio na tumbo nao kwa watu wengi haukunyooka. Ukipinda kwa chini ya sentimita 1, hiyo haistahili kuitwa Barrett, ingawa kila siku kuna watu wanaitwa hivyo.

Halafu hesabuni vinyama. Utaratibu ni kuchukua vinne kwa mzunguko kila sentimita 2, pamoja na mahali popote panapoonekana tofauti, pawe pamevimba, pamebonyea au rangi si sawa. Kwa mumeo vingefika 8 hivi. Kila kiwango kinafaa kiwe na chupa yake ya fomalini, imeandikwa sentimita ngapi kutoka kwenye meno. Vinyama viwili au vitatu vilivyotumbukizwa chupa moja, maabara ikasema "hakuna displazia", maana yake ni kwamba hivyo viwili au vitatu havina. Na utando ukiwa umewaka kwa asidi, mwekundu na wenye michubuko, seli zilizojeruhiwa huiga displazia, na michubuko yenyewe huficha kilicho chini. Ikiwa ripoti yenu inataja uvimbe mkali wa umio, kamera irudiwe baada ya wiki 8 hadi 12 za dawa ya asidi. Ikiwa vinyama vilikuwa vichache, vilevile irudiwe, msingoje miaka. Ikiwa kila kitu kilifanywa sawasawa, Barrett ya sentimita 3 au zaidi isiyo na displazia huangaliwa tena baada ya miaka 3. Iliyo chini ya hapo, baada ya 5. Kila mwaka haina faida.

Siku moja maabara ikija kuandika "displazia", msikimbilie chumba cha upasuaji wala msikate tamaa. Ombeni vile vioo vilivyobandikwa vinyama visomwe na mwanapatholojia, yaani daktari wa maabara, wa pili aliyezoea umio. Uholanzi, wagonjwa walioambiwa wana displazia hafifu walisomewa upya na wabobezi, na 85 kati ya kila 100 wakashushwa daraja: hawakuwa nayo, au haikuwa na uhakika. Ikithibitishwa, siku hizi hutibiwa kwa kamera yenyewe: mahali palipoinuka huchunwa, utando uliobaki huunguzwa kwa joto la mawimbi ya redio, kwa awamu kadhaa. Si kila kituo kina vifaa hivyo, hivyo uulizeni mapema rufaa huenda wapi. Kumtoa umio mtu asiye na displazia, kama jamaa wanavyotaka, ni kumwingiza kwenye operesheni inayoua baadhi ya wanaofanyiwa, kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine asingeupata maishani. Waambieni hapana.

Dawa za asidi, omeprazole au za kundi lake, ataendelea nazo hata kiungulia kikitoweka. Utando wa Barrett hauhisi asidi kama wa asili, kwa hivyo kimya si ushahidi kwamba asidi imeacha kupanda. Kosa la kawaida ni wakati wa kumeza: watu humeza baada ya kula, au usiku wakienda kulala. Dawa hufanya kazi kwenye pampu za asidi zinazoamshwa na chakula, hivyo ni nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlo, miligramu 20 mara moja kwa siku kwa wengi, au kama daktari wake alivyopanga. Kifuko kimezwe kizima. Mwezi wa Ramadhani ni ama nusu saa kabla ya daku, ama kwa maji na tende mara tu ikiadhiniwa magharibi, kisha aswali na akae kidogo kabla ya kufikia mahamri, viazi karai na nyama. Daku ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu mtu hula akashiba na kurudi kitandani palepale. Kati ya mlo na kulala pawe na saa 3. Daku hairuhusu hivyo, basi iwe nyepesi, isiyo na mafuta, na alale ubavu wa kushoto. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe kwa matofali sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii. Hukunja tumbo na kuzidisha. Aspirini asijianzishie, hata akisoma kwamba inazuia saratani. Hutoa damu tumboni, na uamuzi wake unategemea moyo na figo zake.

Kuhusu marehemu shemejio, Mungu amrehemu. Kabla ya kumuunganisha na ripoti ya mumeo, tafuteni ile karatasi ya maabara yake, kama bado ipo. Nina karibu uhakika itasema seli bapa. Ikiwa ndivyo, Barrett ya mumeo haina uhusiano nayo, lakini ndugu wawili waliokulia nyumba moja walivuta moshi wa jiko moja na kunywa chai ya birika moja, na jamaa wa wagonjwa wa seli bapa nao huwa katika hatari kidogo zaidi ya wengine. Kamera inayofuata ifanye kazi mbili. Ombeni umio wote unyunyiziwe ayodini ya Lugol, ya nguvu ya asilimia 1.25 hadi 2, kama mililita 20. Seli bapa zilizo salama zina sukari ya akiba na hugeuka kahawia iliyoiva. Zilizopotoka hubaki nyeupe au manjano hafifu, na baada ya dakika 2 au 3 zile mbaya zaidi hugeuka waridi. Daktari huchukua vinyama palepale. Bila dawa hiyo displazia nyingi hupita mbele ya macho bila kuonekana. Huchoma kifuani kwa saa kadhaa, na ipo dawa ya kuizima mwishoni. Mwenye mzio wa ayodini au ugonjwa wa tezi ya shingo aseme kabla. Siku hiyo asile kwa saa 6, maji matupu yaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Akiwa anatumia dawa za kuyeyusha damu au za sukari azitaje siku anapopewa tarehe, si asubuhi ya kipimo. Na bei mtakayoambiwa, ulizeni kama imejumuisha maabara ya vinyama, na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa lipi. Mara nyingi maabara hutozwa kando, na huko ndiko watu hupunguza idadi ya vinyama kuokoa pesa.

Kahawa tungu yenyewe haina kesi. Kesi ni joto lake. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilipoipitia, kahawa haikutiwa hatiani, lakini vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, viliwekwa kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, ya seli bapa. Iran, katika watu 50,000 waliofuatiliwa, waliokunywa chai ya nyuzi 60 na zaidi, mililita 700 au zaidi kwa siku, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 90 ile ya waliokunywa kidogo na ya joto la chini. Huku Kenya, Eldoret, waliosema hunywa cha moto sana walikuwa na hatari karibu mara 4 ya wanaokunywa vuguvugu. Kahawa ya dele hukaa juu ya makaa, hivyo humiminwa ikiwa karibu na kuchemka, lakini kikombe chenyewe ni kidogo na hupoa haraka. Basi akimiminiwa akiweke chini, aendelee na kashata na mazungumzo. Kinapoweza kunywewa bila kukivuta pamoja na hewa kwa sauti, hapo kiko sawa. Chai ya maziwa ya kikombe kikubwa hupoa polepole zaidi, na ndiyo nyingi kwa siku, kwa hiyo mimi ningeanza kuiangalia hiyo.

Kwenye tambuu sina njia ya katikati ya kumpa. Popoo na chokaa ndani ya jani, hata bila tumbaku, huleta saratani ya kinywa na ya umio. Zikitiwa tumbaku huongezeka ya koo. Ugoro na kuber ni vivyo hivyo. Pombe, iwe mnazi, chang'aa au ya chupa, na sigara, ndivyo visababishi vilivyothibitishwa kwa muda mrefu zaidi vya saratani ya seli bapa, na vikikutana kwa mtu mmoja hatari hupanda mno. Sigara pia ni adui wa mwenye Barrett. Kama anataka kubaki na kimoja barazani, abaki na kahawa, iliyopoa.

Dalili za kutosubiri tarehe ya kamera: chakula kukwama. Huanza na vya ukavu, ugali, nyama, chapati, akawa anasukumia kwa maji. Baadaye ni wali, kisha uji, mwisho hata maji hayapiti. Njia hutanuka mtu anapomeza, kwa hivyo wengi hawahisi lolote mpaka nafasi ibaki chini ya milimita 13. Ndiyo maana hata kukwama kwa mara chache ni jambo la kupimwa ndani ya wiki 2, si la kusikilizia. Kupungua mwili bila kutaka, sauti kukwaruza, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukohoa kila anapokunywa, ni vivyo hivyo. Kinachopoteza miezi ni kutibiwa "vidonda vya tumbo" mara tatu mfululizo bila kamera, au kukatwa kilimi, ambacho hakina uhusiano wowote na umio. Pasipo na kamera karibu, picha ya eksirei kwa dawa nyeupe ya kunywa huonyesha mahali palipobana. Haitoshi kuthibitisha, lakini inamwondoa mtu kwenye foleni ya kungoja.

Wanenu hawahitaji kipimo chochote sasa. Hakuna mpango wa kuingiza kamera kila mtu nchini, na kwa kijana asiye na dalili haingemfaidi. Mwanao wa kiume akifika miaka ya 40 na ana kiungulia cha mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 5, hasa akiwa mnene au mvutaji, hapo kuwa mtoto wa mwenye Barrett ni sababu tosha ya kuangaliwa mara moja. Binti yuko katika hatari ndogo zaidi. Saratani inayotokana na Barrett huwapata wanaume mara kadhaa zaidi ya wanawake, na kwake ningengoja dalili. Nakala ya ripoti ya kamera na ya maabara zipigeni picha mzihifadhi kwenye simu mbili. Daktari atakayemuona baada ya miaka 3 atazihitaji kulinganisha hiyo M3, na mafaili ya hospitali hupotea.